Jina limebaki kwenye chupa, kampuni ikaenda: Robert Mondavi na nduguye Peter

Mombasa kila mtaa una duka lililogawanyika. Mzee alifungua, vijana wakakuza, mzee akafariki, alafu siku moja unapita unakuta maduka mawili yametazamana, majina yanafanana, na ndugu hawaamkiani. Ndo maana nataka niieleze vizuri habari ya familia moja ya California iliyokuwa ikitengeneza waini, familia ya Mondavi, manake watu wakiisimulia huwa wanaikata nusu, wanasema ndugu walipigana kwa sababu ya koti la mke wa mmoja wao, huyo mwenye koti akatoka akaenda kuwa tajiri mkubwa, bas. Koti lilikuwepo kweli na ngumi zilirushwa kweli, lakini kampuni ya Robert Mondavi haikutoka mikononi mwa familia kwa ngumi, ilitoka kwa hisa, na ilichukua karibu miaka 40 kufika hapo. Na yule ndugu aliyepigwa, ambaye karibu hakuna anayemsimulia, kiwanda chake kimebaki kwa watoto wake.

Najua wengi mnaosoma hapa waini hamuigusi na sikuja kumshawishi mtu. Mimi kazi yangu ni hesabu za maduka, nani ana fungu gani, nani anasaini cheki, na katika familia zote za biashara nilizosoma habari zao hii ndo inayoonyesha wazi kuliko zote kwamba kuwa na mali na kuwa na usemi ni vitu viwili, unaweza kubaki na kimoja ukapoteza cha pili bila hata kushtuka.

Tuanze na baba. Cesare Mondavi alitoka Italia, mkoa wa Marche, akaenda Minnesota kaskazini mwa Marekani kufanya kazi kwenye migodi ya chuma, na mkewe Rosa akawa anawapikia na kuwalaza vibarua wenzake. Robert alizaliwa huko 1913, Peter akafuata 1914, na walikuwa na dada wawili, Mary na Helen. Mwaka 1920 Marekani ikapiga marufuku pombe nchi nzima, lakini sheria iliacha mwanya mmoja: nyumba iliruhusiwa kujitengenezea juisi ya matunda mpaka galoni 200 kwa mwaka, na kila mtu alijua ile juisi ikikaa kidogo inakuwa nini. Waitalia wa Minnesota wakamtuma Cesare California akawatafutie zabibu, akaenda, akaliona jua la kule na ile ardhi, akahamisha familia nzima mpaka mji wa Lodi na kuanza kazi ya kupakia zabibu kwenye treni kuzipeleka mashariki. Yaani sheria iliyotungwa kuua waini ndo iliyoiingiza familia hii kwenye zabibu. Robert na Peter walikua wakipigilia misumari masanduku ya mbao ya kupakia mzigo wa baba yao.

Marufuku ikaondolewa 1933. Robert akamaliza chuo cha Stanford 1937, akaingia kazi ya waini bonde la Napa, na 1943 akamshawishi baba yake anunue kiwanda cha Charles Krug, kiwanda kikongwe kilichoanzishwa 1861, kwa dola 75,000. Kazi ikagawanyika vile inavyogawanyika kwenye nyumba nyingi: Robert akashika mauzo, mdomo na safari, Peter akashika utengenezaji. Na Peter hakuwa mtu wa kubeba mapipa tu, yeye ndo alisukuma mambo ya kuchachusha waini nyeupe kwa ubaridi, manake juisi ikichachuka moto huwa inachemka haraka haraka na ile harufu nzuri ya tunda inaruka yote, ukiipoza inakwenda polepole na harufu inabaki. Hilo leo linafanyika dunia nzima na watu wanampa sifa Robert peke yake, mimi naona si haki.

Hapa lazima nisimame kidogo kwa ajili ya msomaji wa Pwani, manake sisi pombe ya kifamilia tunayoijua ni mnazi, na ukizipigia waini hesabu za mnazi hutaelewa kitu. Mgema wa Kaloleni au Rabai anapanda asubuhi na jioni, anakata ncha ya karara kidogo, utomvu unadondoka kwenye kibuyu, na kwa joto letu hili hamira iliyomo kwenye kibuyu na kwenye hewa inaanza kazi huko huko juu ya mti, mgema hajashuka kitu kimeshaanza kuchachuka. Mchana umekolea, kesho yake unaelekea siki. Kwa hivo lazima ufike mangweni leo, unywewe leo, na pesa inaingia leo. Mgema hahitaji benki wala ghala kwa kazi ile, akikwama sana huweka minazi rahani kwa mtu aliye na pesa, na ametoka hapo.

Waini ya zabibu ni kinyume. Ukipanda mzabibu unangoja miaka 3 au 4 ndo upate mavuno ya maana, unavuna mara moja tu kwa mwaka, unakamua, unachachusha, alafu waini nyekundu ya daraja la juu inalala kwenye pipa la mwaloni mwaka mmoja, miwili, ikitoka hapo inalala tena kwenye chupa. Muda wote huo vibarua wanataka mshahara wa mwezi huu, pipa jipya la Ufaransa limeshalipiwa, na mnunuzi atatokea mbele huko. Na kadri unavyotaka kutengeneza nyingi na nzuri zaidi ndo pesa iliyolala gizani inazidi. Shikeni hapo, manake yote yaliyoipata familia hii yanatoka hapo: mwenye haraka ya kukua kwenye waini lazima ashike pesa za watu wengine, na pesa za watu wengine huja na usemi wao.

Cesare alifariki 1959. Mama Rosa akawa ndo mkuu wa kampuni. 1962 Robert akazunguka Ulaya, akawaona Wafaransa wanavyotumia mapipa madogo ya mwaloni mpya, wanavyokitunza kila kipande cha shamba peke yake na wanavyouza chupa moja kwa bei ambayo California hakuna aliyethubutu kuitaja, akarudi amewaka, anasema ardhi yetu haina upungufu wowote, tunachokosa ni nia tu. Peter akauliza pesa itatoka wapi. Na ukiniuliza mimi wote wawili walikuwa sawa, Robert alikuwa sawa kuhusu ardhi na Peter alikuwa sawa kuhusu pesa, tatizo ni kwamba hapakuwa tena na mzee wa kukaa katikati yao aseme tufanye kiasi hiki mwaka huu na kile mwakani.

Koti likaja kuwashia moto kuni zilizokauka zamani. Robert na mkewe Marge walialikwa ikulu ya Marekani kwenye dhifa ya rais wa Italia, Robert akanunua koti la manyoya ya minki ili mkewe asiende kinyonge. Novemba 1965, familia ikiwa pamoja pale Krug, Peter akamshutumu kakake kwamba anatapanya pesa za kampuni kwenye safari na matanuzi, habari ya koti ikaingia, Robert akampiga. Alikuwa mtu wa miaka 52, watoto wakubwa, na alikiri mwenyewe baadaye kwamba alirusha mkono.

Mama akasimama na Peter. Robert akaambiwa akae nje miezi 6, na mwanawe Michael aliyekuwa anatarajia kuingia kazini kwa babu yake akaambiwa nafasi hakuna. Sasa watu wakifika hapa wanasema Robert alifukuzwa. Alitolewa kwenye kazi, kwenye hisa hakutolewa, fungu lake la Krug lilibaki lake vile vile, na hicho ndo kitu kinachowapiga chenga wengi. Fungu dogo kwenye kampuni ya familia ni mali kweli kwa karatasi, lakini hakuna soko la kuiuza, gawio linatoka pale wenye kura nyingi wakitaka, na kwenye kila kikao unashindwa kwa hesabu kabla hujafungua mdomo. Hapa kwetu nimeliona sana kwenye mirathi. Mahakama ya Kadhi inampa dada fungu lake kwa hesabu kamili kabisa, hakuna wa kubisha, lakini kaka ndo anaendelea kufungua duka kila asubuhi, ndo anaagiza mzigo, ndo anajiandikia mshahara, na fungu la dada linabaki karatasi mpaka siku kaka alinunue au duka liuzwe.

Robert akaenda mahakamani. Kesi ilianza miaka ya mwanzo ya 70, ikavuruga jina la familia, mama na mtoto pande mbili tofauti, na 1976 jaji akampa Robert haki, akaamuru Krug iuzwe ili kila mtu apate chake. Mama Rosa alifariki mwaka huo huo. Baadaye wakaelewana bila kiwanda kuuzwa kwa mtu wa nje: Peter na upande wake wakabaki na Krug, Robert akalipwa kwa pesa na mashamba ya zabibu. Kwa Peter ilikuwa mzigo mzito mno, kubaki na kiwanda na deni na shamba lililopungua, na wengi wangeuza tu wakapumzika. Hakuuza.

Sasa turudi nyuma kidogo, 1966, manake Robert hakungoja mahakama. Alijenga kiwanda kipya Oakville, kando ya barabara kuu ya Napa, kwenye sehemu ya shamba maarufu la To Kalon, jengo lenye tao pana na mnara lililochorwa na Cliff May. Kinahesabiwa kuwa kiwanda kikubwa cha kwanza kujengwa upya bondeni pale tangu enzi ya marufuku. Na pesa? Hapo ndo pa kuangalia. Alianza na washirika, alafu kampuni ya bia ya Rainier kutoka Seattle ikaingia na kuchukua hisa nyingi. Yaani jina kwenye lebo ni Robert Mondavi lakini kwa miaka ya mwanzo mwenye fungu kubwa ni watu wa bia. Malipo ya kesi ya Krug ndo yaliyomwezesha kuwanunua wakatoka 1978, na kwa muda akawa mwenye nyumba kweli.

Alichokifanya pale ndo sababu ya watu kumwita mwanzilishi, na hapa nataka nikae. California wakati ule waini nyingi iliuzwa kwa majagi, tamu tamu, imeandikwa majina ya kuazima ya Ufaransa kama Burgundy na Chablis wakati ndani hakuna uhusiano wowote na kule. Robert akashika matangi ya chuma yanayopozwa, akaleta mapipa madogo ya mwaloni kutoka Ufaransa, akawa anajaribu na kurudia kujaribu, pipa hili la msitu huu, lile limechomwa ndani zaidi, hili limechomwa kidogo, anaandika tofauti. Akachukua zabibu ya Sauvignon Blanc ambayo watu walikuwa hawaitaki, akaifanya kavu, akaiita Fumé Blanc, soko likaipenda, na hilo jina hakulifungia, akaacha viwanda vingine nao walitumie. Wageni wakija kiwandani aliwawekea waini yake pamoja na za washindani wake na za Ufaransa, glasi zimefichwa lebo, waonje wenyewe. Akaleta na muziki wa jazi kwenye uwanja wa kiwanda kila kiangazi, kazi iliyoanzishwa na Margrit Biever ambaye alikuja kuwa mke wake wa pili 1980, mpaka watu wakazoea kwenda Napa kama vile wageni wanavyokuja kwetu kutembea Mji wa Kale.

Kikubwa zaidi ni kwamba alichokigundua alikisema. Jirani akiuliza mmefanyaje anaambiwa, mafundi wanapita wanaona. Na ushahidi upo. Tarehe 24 Mei 1976, Paris, Wafaransa wenyewe walionja waini za kwao na za California bila kuona lebo, wakaipa nafasi ya kwanza nyekundu ya Stag's Leap Wine Cellars na nyeupe ya Chateau Montelena, zote mbili za California. Hakuna hata moja iliyokuwa ya Mondavi. Lakini nyekundu ni ya Warren Winiarski, fundi wa mwanzo kabisa wa Robert pale Oakville, na nyeupe imetengenezwa na Mike Grgich, ambaye naye alitoka mikononi mwa Robert 1972. Ukitaka kujua urithi wa mtu uko wapi, mimi ningekuonyesha hapo kabla sijakuonyesha kiwanda chake.

Miaka michache baadaye akaingia ubia na Baron Philippe de Rothschild, mwenye shamba la waini la Château Mouton Rothschild kule Bordeaux, Ufaransa, nusu kwa nusu, wakatengeneza Opus One, mavuno yao ya kwanza ni ya 1979. Mtoto wa mchimba migodi kutoka Minnesota amekaa meza moja na mabwana wakubwa wa Bordeaux na hakuna aliye juu ya mwenzake. Mwaka huo huo wa 1979 pia akafungua Woodbridge karibu na Lodi, kule kule alikokulia, kwa ajili ya waini ya bei ya watu. Woodbridge ikauza kwelikweli. Lakini ikazaa na mgogoro mpya, manake sasa jina moja linabeba chupa ya meza ya kila siku na chupa ya fahari, na vijana wake wakaanza kuvutana vile vile baba na ami yao walivyovutana. Michael alikuwa mtu wa mauzo, anataka kupanuka. Tim alikuwa fundi, anataka ubora wa Oakville ulindwe. Mwaka 1990 mzee aliwaachia vijana waongoze pamoja, wakawa wakuu wawili kwenye kiti kimoja, na mzee mwenyewe hajanyamaza, bado anaongea kwenye kila kitu. Nikisoma hapo huwa nasikitika, aliumizwa na jambo hili hili alafu akalipanga tena kwa mikono yake kwa wanawe.

Alafu kikaja kidudu. Filoksera ni mdudu mdogo mno anayefyonza mizizi ya mzabibu, karne ya 19 aliyamaliza mashamba ya Ufaransa, na dawa iliyopatikana ni kupandikiza mzabibu wa Ulaya juu ya shina la mzabibu wa Marekani ambao umezoea kuishi naye. Napa walipanda sana shina linaloitwa AxR1, wataalamu wa chuo kikuu cha California kule Davis walilisifia kwa sababu linazaa vizuri. Ila lile shina lilikuwa limechanganywa damu, upande mmoja ni wa Ulaya, na miaka ya 80 ikaonekana mdudu analila. Bonde zima likabidi ling'oe na kupanda upya, shamba kwa shamba. Kumbukeni zile hesabu za juu: kila ekari uliyong'oa ni miaka 3 au 4 hakuna mavuno, na baada ya hapo ni mapipa na kungoja. Mondavi walikuwa na mashamba mengi, madeni, mipango mikubwa, na mzee anakaribia 80 wakati Marekani mtu akifa na mali nyingi serikali inakata kodi kubwa ya mirathi. Hayo yote kwa pamoja ndo yakawapeleka kwenye soko la hisa Juni 1993, hisa moja dola 13.50.

Hapa ndo penye fundo lenyewe, nitalifungua taratibu. Walipouza hisa kwa umma hawakutaka kupoteza usemi, kwa hivo wakatengeneza hisa za aina mbili. Aina A ni za watu wa sokoni, kila hisa kura moja. Aina B ni za familia, kila hisa kura 10. Chukua mfano wa kampuni yenye hisa 100, familia ina 40 za B na watu wa nje wana 60 za A. Kwa mali, familia ina asilimia 40 tu, iko chini. Kwa kura, familia ina 400 na wa nje wana 60, familia inaamua kila kitu. Ukiangalia hivo unasema wamefanya akili, wamepata pesa za watu na bado nyumba ni yao. Na miaka ya mwanzo ilikuwa hivo.

Kilichoibomoa ni mambo matatu yaliyokutana. La kwanza, hizo hisa za B hazikuwa za kitu kimoja kinachoitwa familia, zilikuwa za Robert, za Michael, za Tim, za binti yake Marcia, kila mtu na zake, na ukuta unakuwa ukuta pale wote wakisimama pamoja tu. La pili, ukishaingia sokoni bodi inaingia watu wasio wa familia, na hao kisheria wana wajibu kwa wenye hisa wote, hata yule aliyenunua 10 tu, kwa hivo wakiona ndugu wanavutana na faida inashuka hawawezi kukaa wakasema tuwaache ni mambo ya nyumbani. La tatu ndo linaloniuma, ni wema wake mwenyewe. Robert aliahidi zawadi kubwa kubwa, 2001 aliahidi dola milioni 35 kwa chuo cha Davis, nyingi ya hizo zikiwa za taasisi ya sayansi ya waini na chakula, na mamilioni mengine kwa Copia, kituo cha waini, chakula na sanaa mjini Napa kilichofunguliwa mwaka huo huo. Lakini utajiri wake ulikuwa kwenye hisa za kampuni, hakuwa na pesa zimekaa benki. Bei ya hisa ikishuka, ahadi hazishuki nayo, zinabaki vile vile. Kwa hivo yule mzee ambaye ndo angesema hapana, kampuni haiuzwi, alikuwa amejifunga kwa ahadi zake, anaihitaji bei ipande.

2004 yote yakafika. Mwanzo wa mwaka Michael akatoka kwenye uenyekiti wa bodi na mtu asiye wa familia akashika. Agosti kampuni ikatangaza mpango wa kuondoa ile tofauti ya A na B, familia ipewe fidia na hisa zote ziwe za kura sawa. Siku ile ukuta ulishaanguka, kilichobaki ni mnunuzi tu. Oktoba kampuni kubwa ya vinywaji ya Constellation Brands ikaweka ofa ya dola 53 kwa hisa, Novemba wakakubaliana 56.50, na kabla mwaka haujaisha dili limefungwa, ukijumlisha na madeni ya kampuni ni takriban dola bilioni 1.36.

Angalia hizo namba mbili, 13.50 na 56.50. Hakuna aliyefilisika. Familia ilitoka na pesa nyingi sana, na mtu akisema walidhulumiwa hajaielewa hesabu. Walichoacha mezani ni usemi, na jina. Sisi hapa tunalijua vizuri jina lililochapwa kwenye mali, tangu utotoni tunasoma K.H.E. Mali ya Abdulla kwenye pindo la leso na mama zetu hawainunui mpaka walione. Jina la namna hiyo ndo Robert Mondavi alilolijenga kwenye chupa, na tangu Desemba 2004 inayoamua kuhusu hilo jina, liwekwe kwenye waini ipi na kwa bei gani, ni kampuni ya watu wengine. Hata nusu yake ya Opus One ilikwenda kwenye mauzo yale yale.

Copia ilifungwa 2008. Taasisi ya Davis ipo, na wanafunzi wanapita humo kila mwaka.

Peter je? Alibaki Krug. Hakuwa na jazi kubwa wala ubia na mabaroni, alikua polepole, miaka mingi watu wakasema kiwanda chake kimelala, na kwa kweli kulikuwa na miaka waini zake hazikuzungumzwa kabisa wakati za kakake ziko kila mahali. Naye filoksera ilimpiga, naye alikopa, naye alitongozwa na wanunuzi. Akawalea wanawe Marc na Peter mdogo humo humo kiwandani na hakuingia soko la hisa. Mtu anaweza kusema alikosa ujasiri, mimi sioni hivo, kubeba deni la kumlipa ndugu aliyekushinda mahakamani na usiuze kunahitaji roho ya chuma.

2005 wale ndugu wawili, mmoja ana miaka 91 anaingia 92 na mwingine 90, walitengeneza waini pamoja kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40, pipa moja tu, zabibu zimetoka kwa familia zote mbili, likauzwa kwenye mnada wa hisani wa Napa kwa zaidi ya dola 400,000. Robert akafariki Mei 2008, miaka 94. Peter akaishi mpaka 2016, miaka 101.

Watoto wa Robert hawakuacha kazi. Michael akaanzisha kampuni yake na jamaa zake. Tim na Marcia, pamoja na mzee wao akiwa bado hai, wakaanzisha Continuum, shamba lao liko mlimani Pritchard Hill upande wa mashariki wa bonde, na wakaanza na waini moja tu, nyekundu, kwa kiasi kidogo. Jina la Mondavi hawakuliweka kwenye jina la kiwanda, na hisa zake hazijapelekwa sokoni.